Gari Lililokwenda Upande

Sib, baada ya alasiri

Rahma mwanangu,

Ulipotoka kwenda Al Khoudh kuwaaga wenzio wa chuo, ami yako Seif alikuwa hajafika. Bora hukuwepo. Nnakuandikia kwa sababu nikikueleza kwa mdomo nitapandisha sauti, na wewe utaanza kunituliza, na mie leo sitaki kutulizwa.

Alikuja na kanzu yake ya Ijumaa ingawa leo si Ijumaa, nikajua ana jambo. Akakaa, akauliza khabari za mguu wangu, akauliza khabari zako, kisha akasema, "Shemegi, nimezungumza na mtu wizarani. Rahma akisubiri mwaka mmoja anaweza kupangiwa skuli ya hapa hapa Sib."

"Nani kakutuma?" nikamuuliza.

"Hapana aliyenituma. Mtoto wa kike kwenda kusomesha Haima, kule jangwani, njia tupu, hapana nyumba hapana mti, na gari lenyewe lile..."

Kisha akainuka, akautoa ufunguo wa gari kwenye msumari pale karibu na mlango, akautia mfukoni. Ati atalipeleka karaji kwa fundi wake likatazamwe, wewe usafiri na basi wiki ijayo, gari litakufuata. Alisema kwa upole kabisa, mwanangu, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu.

"Seif, rejesha," nikamwambia.

"Shemegi, sikiliza kwanza."

"Rejesha ufunguo, kisha nitasikiliza mpaka magharibi."

Akaurejesha. Hakukaa tena. Kahawa yake kaiacha vile vile na tende hakugusa.

Usimchukie. Ami yako si mtu mbaya. Alipofariki baba yako ndiye aliyesimama na kila jambo, na ulipovunjika mkono ndiye aliyekubeba mpaka hospitali huku damu yako inamwagika kwenye kanzu. Anakupenda. Lakini mapenzi yake yana kufuli, na mie nimepigana na kufuli hilo tangu weye u mdogo. Kwa hivyo kesho asubuhi utaondoka, na utaondoka na gari la baba yako, na utaliendesha mwenyewe. Khalas. Hilo limekwisha.

Khabari za maji, kofia, kufunga milango, kupiga simu ukifika, sikwambii. Yale unayoyajua unayajua, na usiyoyajua utafunzwa na jua la huko. Mie nnataka kukueleza khabari ya lile gari, maana ulikuwa mdogo mno na umeisikia kwa midomo ya watu wengine, nao wanaisimulia kama kichekesho.

Baba yako alipokufa mie nilikuwa sijawahi kushika usukani. Nilikuwa nakaa pembeni yake, nammenyea machungwa. Eda ilipokwisha gari lilikuwa uani limejaa vumbi, na Seif akasema litauzwa ama atalichukua yeye, kwa kuwa gari la jangwani ni la wanaume, mie nitatafutiwa gari dogo inshaallah. Nikasema nitajifunza kuendesha hili hili. Walicheka. Nikaenda kujifunza. Nikafeli mtihani, nikarudi, nikafeli tena, nikarudi. Siku niliyopata leseni nilikuchukua tukaenda mpaka uwanja wa ndege tukazunguka tukarudi, weye unapunga mkono kwa kila mtu kama bibi harusi.

Miezi ya mwanzo gari lilikuwa tulivu. Kisha likaanza kuyumba. Nilipokuwa narudi kutoka kazini, kwenye barabara kubwa, nikaona mikono inachoka. Lilikuwa linanivuta, na mie nalirudisha, linavuta tena huku, nalirudisha. Upepo ukipiga ndiyo zaidi. Nikadhani ndivyo magari makubwa yalivyo. Nikadhani wanaume wote wanashindana na usukani hivi hivi, ila hawasemi.

Kisha ikaja siku ya Fanja. Unaikumbuka? Tulikuwa tunatoka Nizwa harusini, weye kiti cha nyuma na kikapu cha halwa mapajani. Tukafika kwenye ule mteremko. Mbele yetu lori likapunguza mwendo, nami nikaachia mafuta nikakanyaga breki, si kwa nguvu, kawaida tu. Gari likaruka kulia kama limesukumwa na mtu. Gurudumu likaingia kwenye changarawe, mkia ukazunguka, nikaona mlima, nikaona barabara, nikaona mlima tena. Tulipotulia tulikuwa tumeelekea tulikotoka, vumbi limejaa ndani, halwa iko kwenye kioo. Weye ndiye uliyesema kwanza.

"Mama, tunarudi harusini?"

Nilicheka, Rahma. Nikacheka mpaka nikalia.

Usiku huo huo ukoo mzima ukajua. Walikuja mmoja mmoja kutupa pole, na kila pole ilikuwa na mkia. Seif akasema mbele ya watu, "Gari hili halitaki mwanamke." Hata hivyo akalipeleka karaji, kwa kheri yake. Wakabadilisha shokapu zote. Likaendelea kuvuta. Wakabadilisha matairi. Likaendelea. Wakapima magurudumu ya mbele, wakayanyosha. Fundi akaliendesha mwenyewe kuzunguka soko la Sib, taratibu, akarudi akamwambia Seif huku mie nimesimama hapo hapo, "Gari zima. Ni dereva."

Nikaamini. Nataka ujue hilo. Watu wanafikiri mama yako alikuwa mkaidi tangu siku ya kwanza, lakini nilisalimu amri. Nilijiona mie ndiye mbovu. Nikajirekebisha mie: nikashika usukani kwa nguvu zaidi, nikaenda polepole zaidi, nikapitia barabara za ndani. Nilikuwa nikifika kazini mabega yanauma kama nimebeba magunia. Mwisho nikaliacha uani. Nikawa napakiwa na wenzangu wa ofisini, nakaa nyuma, nangoja mtu amalize shughuli zake ndipo nirudi nyumbani. Weye ukawa huendi kwa bibi yako mpaka apatikane wa kukupeleka. Ukiniuliza kwa nini gari letu halitoki, nakwambia linapumzika.

Aliyenizindua ni Zuwena. Unamjua Zuwena wa siku hizi, mwenye mjukuu na miwani. Wakati ule alikuwa ndio kwanza kahamia mtaa wetu, na alikuwa muuguzi wa zamu hospitali. Watu wake walitokea Tabora, na Kiswahili chake cha bara kilikuwa kikituchekesha, naye chetu kikimchekesha. Akanikuta nafagia chini ya gari.

"Hili gari vipi, dada? Kila siku liko hapa hapa tu."

Nikamweleza yote, na nikamalizia kwamba tatizo ni mie.

Akaniuliza, "Linavuta upande gani?"

"Huku na huku."

"Huku na huku saa ngapi? Ukikanyaga mafuta au ukiachia?"

Nikaweka ufagio chini. Nilikuwa nimeulizwa nani kanifundisha, nilikuwa naongea na nani wakati ule, nilikuwa na mawazo gani. Hapana mtu aliyeniuliza gari linafanya nini.

"Sikiliza," akasema, "mimi gari silijui. Lakini kwetu wodini mgonjwa akisema anaumwa, tunamuuliza wapi na lini. Hatumwambii wewe ndiye ugonjwa."

Ijumaa iliyofuata, asubuhi, tukaenda Rusayl. Viwanda vimefungwa, zile barabara za nyuma ya maghala pana na hapana gari. Zuwena akakaa na mimi mbele, kajifunga mkanda, anasoma dua kwa sauti. Nikaanza kulijaribu kama mtu anayempima mtoto homa. Nikakanyaga mafuta, mikono nimeilegeza: likavuta kushoto. Nikaachia mafuta: likarudi. Nikagusa breki: likavuta kulia. Nikarudia. Kushoto kwa mafuta, kulia kwa breki, kila mara. Zuwena akaacha dua akaanza kupiga makofi.

Hujui furaha niliyoipata. Gari lilikuwa bado bovu, lakini lilikuwa bovu kwa mpango. Mimi nikikosea, nakosea hovyo hovyo. Lile lilikuwa linakosea kwa utaratibu, na kitu kinachokosea kwa utaratibu kina sababu inayoshikika kwa mkono.

Tukapima upepo wa matairi, sawa kwa sawa. Tukahamisha matairi ya mbele, la kulia kushoto, la kushoto kulia. Ingekuwa tairi, ubovu ungehama nalo. Haukuhama. Kwa hivyo si tairi, na mbele walikwisha kubadilisha na kunyosha kila kitu. Ndipo tukaliteremsha pwani, maji yametoka, mchanga umelowa na umekazana kama sakafu. Nikaliendesha moja kwa moja polepole, nikasimama, tukashuka kutazama nyayo zake. Gari likienda sawa, magurudumu ya nyuma yanakanyaga mle mle yalimopita ya mbele, nyayo zinakuwa mbili. Zetu zilikuwa nne. Za nyuma zilikuwa zimejitenga kushoto, wazi kabisa, kama watu wawili waliogombana njiani.

"Subhanallah," Zuwena akasema, "linakwenda kama kaa!"

Tukarudi nyumbani tukachukua kamba ya nguo. Tukaivuta kutoka katikati ya gurudumu la mbele mpaka katikati ya gurudumu la nyuma, upande wa kulia, tukafunga fundo. Tukaihamishia kushoto. Haikufika. Ilipungua upana wa vidole vitatu. Gurudumu la nyuma kushoto lilikuwa limerudi nyuma ya mahali pake.

Nikaingia chini na tochi, buibui nimelifunga kiunoni. Unajua springi za nyuma zilivyo, yale mabamba ya chuma yaliyolaliana kama chapati. Katikati yake hupita bolti moja inayoshika mabamba yote na kuliambia ekseli, lile chuma linaloshika magurudumu, likae hapa. Juu yake kuna zile bolti nyingine zilizopinda, zinazolifunga ekseli kwenye springi. Upande wa kulia kila kitu kimeshikana, kimejaa tope kavu. Upande wa kushoto bolti zilizopinda zimelegea, chuma kimesuguka mpaka kinang'aa, na pembeni pana unga mwekundu wa kutu. Ile bolti ya katikati ilikuwa imekatika. Basi kila nikikanyaga mafuta ekseli linasogea mbele, nikishika breki linarudi nyuma. Nilikuwa naendesha gari linalojiendesha lenyewe kwa nyuma, na nililaumiwa kwa mikono yangu iliyoko mbele.

Nilikaa pale chini nikalia kwa hasira. Zuwena akadhani nimeumia.

Sasa sikiliza hapa, maana hapa ndipo nilipokosea, na hapa watu hawapajui. Ningeweza kulipeleka karaji nikasema, badilisheni hii. Nilikataa. Nikasema hili nitalifunga mwenyewe, na nitalifunga leo. Hasira ilikuwa imenishika mpaka masikioni. Nikapandisha gari kwa jeki, nikalegeza bolti, na jeki lenyewe nimeliweka juu ya changarawe bila ya ubao, na chini ya fremu sikuweka kitu. Jeki likateleza. Gari likashuka, na lile chuma likatua pale ulipokuwa mkono wangu punde tu kabla sijautoa kuchukua spana. Zuwena alipiga yowe majirani wakatoka.

Hasira ni nzuri kukuinua kitini. Kuingia nayo chini ya gari, hapana. Tangu siku ile nikisikia damu inapanda, naweka spana chini, naenda kutia udhu, ndipo narudi. Na wewe fanya hivyo, hata kwa mambo yasiyokuwa ya gari.

Tukalifunga siku iliyofuata, kwa bolti mpya, vigogo, mawe na akili zetu. Likaenda sawa kama ulimi wa mizani. Nikafanya kosa la pili, la majivuno. Nikamwita Seif. Sikulijaribu wiki nzima kwanza, nikamwita na kumpa ufunguo mbele ya watu nikasema, endesha. Akalichukua siku chache baadaye kwenda Barka, na njiani likavuta. Kidogo, lakini likavuta. Alirudi anacheka mpaka kofia inamwanguka. "Shemegi, umelifunga kwa uzi?" Bolti mpya hulegea zikishaanza kubeba mzigo, Rahma. Sharti uzikaze tena baada ya siku kadhaa za njia. Sikulijua hilo. Nililijua kwa kuchekwa.

Nikazikaza tena. Na tena. Halikuvuta tena.

Mwaka ule ule nikawapakia wote, bibi yako, Seif na mkewe, weye na watoto wao, tukaenda Nizwa, tukateremka Fanja tukirudi. Pale pale nikashika breki kwa makusudi. Gari likapunguza mwendo limenyooka. Nikamtazama Seif kwenye kioo, nikangoja. Unajua alisema nini?

"Barabara wameitengeneza vizuri siku hizi."

Basi. Ndiyo yote niliyoipata. Mwaka mzima nilingojea neno lake, nikawa nazungumza naye kichwani nikipika, nikifua, nikiswali, Mwenyezi Mungu anisamehe. Halikuja. Siku moja nikagundua kuwa naendesha kwenda kazini, nakupeleka skuli, nampeleka bibi yako hospitali, na wakati wote huo bado nimekaa mahakamani peke yangu, hapana hakimu hapana mshitaki. Nikatoka. Wala sikuwa nimemsamehe, ila nilikuwa na safari zangu. Watu wa Haima nao watakwambia maneno, na baadhi yao ukiwathibitishia kuwa wamekosa watasema barabara imetengenezwa. Waache na barabara yao.

Lakini lipo jambo moja ambalo ni lazima nilikiri, nawe ulikuwa na adabu hukunisuta. Mwezi uliopita, lilipoanza kutetemeka usukani ukipita kwenye shimo, mie nilisema mara moja ni springi ya nyuma. Nikakufanya uipime kwa kamba. Ukaipima, ikawa sawa. Nikasema pima tena. Ukapima tena, sawa. Nikasema bolti. Ukazikaza. Nikaanza kukupigia kelele kwamba hujui kupima. Nakumbuka ulivyojifuta jasho ukanambia, "Mama, si kila mara ni springi."

Ukalinyanyua mbele, ubao chini ya jeki, gogo chini ya fremu, bila ya kukumbushwa. Ukashika gurudumu juu na chini ukalitikisa. Likacheza. Ukasema ni bearingi, na ilikuwa bearingi. Na mie, niliyeambiwa "ni dereva" na fundi aliyekwisha jua jawabu kabla ya kutazama, nilikuwa nimesimama pale uani nakufanyia wewe yale yale. Nilishinda vita vyangu kwenye springi ya nyuma, kwa hivyo nikataka kila vita viwe huko. Usinirithi hapo. Rithi gari.

Kwa hivyo Seif aliponambia leo kwamba ana khofu na njia, nikamwambia kweli, hata mie nina khofu. Njia ya Haima inalaza watu usingizi, ngamia wanakatiza, na simu huenda isishike. Khofu yangu ni ya njia. Yeye khofu yake ni juu yako wewe, na huko sitamfuata. Nimekuona umelala chini ya gari mikono imejaa grisi, mtu mzima ananguruma juu ya kichwa chako, na hukuharakisha wala hukubishana. Uliendelea kutikisa gurudumu mpaka likasema. Mtu wa namna hiyo nimnyime ufunguo? Kwa sababu gani?

Watakwambia pia kwamba umemwacha mama yako mjane peke yake katika nyumba tupu. Seif kaligusa hilo alipokuwa anavaa viatu, ati, "Na wewe shemegi, utabaki na nani?" Sikumjibu, maana nilitaka ulijue wewe kwanza.

Juzi nilipokwambia nakwenda na Zuwena kununua kitambaa, hatukwenda kununua kitambaa. Tulikwenda Rusayl, nyuma ya maghala, kwa mtu anayeuza magari mabovu. Pana gari moja pale, kubwa kuliko la baba yako na kuukuu zaidi, milango miwili haipo na usukani umeng'olewa. Springi za upande mmoja zimelala kabisa, limeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Nimelinunua. Kesho adhuhuri, wewe ukiwa umeshaupita mji wa Adam inshaallah, lori litalileta na kulishusha uani mahali pale pale gari lako linapokaa leo. Zuwena kastaafu, ana mikono na hana kazi. Seif hajui, na atajua atakapopita akaliona.

Linavuta upande gani bado sijui. Ukija likizo utanikuta chini yake, basi usisimame mlangoni kuita hodi. Ingia, vua abaya yako nzuri, unishikie tochi.

Mamako akupendaye, na asiyekuombea kurudi mapema,

Asya